Kumsomesha Dereva wa Lori ni Nusu ya Safari

(Somo la robo hii kwa Kamati za Maendeleo za Sharika)



Katika robo iliyopita tulipokea maombi kutoka sharika kadhaa zilizo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Sharika hizo zinaomba kusaidiwa kuwasomesha vijana udereva wa malori. Maombi haya hayatushangazi. Kijana aliyekulia kando ya barabara hii huyaona malori yakipita usiku na mchana, yakipeleka mafuta na mbolea, mengine yakirudi na shaba kutoka Zambia na Kongo. Humwona dereva anashuka, anaagiza chakula, analipa bila kuhesabu sarafu. Anajiuliza kwa nini yeye abaki na jembe la mkono.

Kabla ya kuyajibu maombi hayo tumeona ni vema tukae na kujifunza pamoja, kwa kuwa jambo hili tuliwahi kulifanya na hatukulifanya vizuri.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kamati iweze: (a) kujua ngazi za leseni kabla ya kutoa fedha, (b) kuchagua chuo na namna ya kulipa ada, (c) kumsaidia kijana kumpima mwajiri wake wa kwanza, na (d) kumfuatilia katika miezi ile ya mwanzo iliyo migumu kuliko yote.

TULIVYOJIFUNZA KWA GHARAMA

Mwaka 2016 tuliwalipia vijana sita ada ya mafunzo ya malori. Mmoja wao alikuwa binti. Fedha tuliwakabidhi mkononi. Wote sita walihitimu, tukawapiga picha na vyeti vyao, tukaiweka picha hiyo katika taarifa ya mwaka. Wafadhili walifurahi, nasi tukafurahi.

Baada ya miaka miwili tuliwatembelea. Watatu walikuwa hawajawahi kushika usukani wa lori hata siku moja. Walikwenda chuoni wakiwa hawana uzoefu hata wa gari dogo, na cheti cha chuo peke yake hakikuwapa leseni ya lori. Mmoja wao alikuwa akiendesha pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, wa pili bodaboda, wa tatu alikuwa amerudi shambani. Wengine watatu walikuwa na uzoefu kabla ya mafunzo, na hao walipata leseni. Wawili kati yao, akiwemo yule binti, waliajiriwa na kampuni iliyowapa mikataba, na hadi tunawatembelea walikuwa kazini.

Wa sita ndiye aliyetufanya tuandike somo hili. Aliajiriwa na tajiri mmoja mwenye malori matatu. Mkataba haukuwepo, mshahara ulitajwa kwa mdomo, na leseni yake halisi ilichukuliwa "ili itunzwe ofisini", akabaki na kivuli. Safari ya nne alipakia mbolea, na wakati wa kushusha mifuko 30 ilionekana kupungua. Hakuna aliyechunguza kama ilipungua ghalani, njiani au wakati wa kushusha. Aliambiwa atakatwa mshahara wote hadi deni liishe. Akafanya kazi miezi saba kwa posho ya safari tu. Alipotaka kuondoka aliambiwa leseni haitoki mpaka alipe kilichobaki. Mama yake, mjane na mshiriki wetu, aliweka rehani ekari mbili za shamba ili mtoto apate leseni yake.

Tulipokaa na yule mama hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: "Ninyi mlipomlipia mwanangu, mlijua anakwenda kufanya kazi kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Tulijua jina la chuo, kiasi cha ada na namba ya stakabadhi. Habari za mwajiri hakuna kati yetu aliyeziuliza.

SEHEMU YA 1: JUENI NGAZI KABLA YA KULIPA

Leseni za udereva hapa Tanzania zimegawanywa katika madaraja. Leseni ya kujifunzia ni daraja H. Magari madogo yasiyo ya biashara ya abiria ni daraja D. Magari ya abiria yako katika kundi la C na matawi yake. Dereva wa lori kubwa na trela anahitaji daraja E. Kijana haruki kutoka leseni ya kujifunzia hadi daraja E. Hupanda ngazi, na katikati ya ngazi kuna muda wa uzoefu.

Kwa hiyo mtu akija katika usharika wenu akiahidi kwamba kwa wiki chache kijana asiyejua hata kuwasha gari atatoka na leseni ya lori, mjue anawauzia karatasi. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii dereva anapoteremka Kitonga na mzigo mgongoni, gia aliyochagua ikiwa si sahihi na breki zimeanza kuchemka.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kamati iende na kijana kwa Polisi wa Usalama Barabarani wilayani na katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), ambao ndio watoaji wa leseni. Waulize masharti ya wakati huo kwa daraja linalotakiwa: umri, uzoefu, cheti cha chuo kinachotambulika, vipimo vya macho na ada. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na ingetuokolea ada za vijana watatu.

Kwa kijana ambaye ndiyo kwanza anaanza, tunashauri mpango wa miaka na si wa wiki. Kwanza apate daraja D na aendeshe magari madogo kwa uaminifu. Kama anapata nafasi ya utingo kwa dereva mwenye tabia njema, asiidharau. Utingo hujifunza kufunga mzigo na turubai, kukagua matairi na mabomba ya upepo wa breki, kusoma karatasi za mzigo, na kuishi njiani. Ndipo mafunzo ya lori yafuate.

SEHEMU YA 2: CHUO NA NAMNA YA KULIPA

Vipo vyuo vya serikali vinavyojulikana. VETA wana vyuo mikoani, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, hufundisha madereva wa magari makubwa ya mizigo na ya abiria. Vipo pia vyuo binafsi, vizuri na vibaya. Wajumbe wawili wa kamati wakitembelee chuo na kuuliza:

1. Je, chuo kina lori la kufundishia, na trela lipo? Lionekane kwa macho, likiwa linatembea.
2. Kila mwanafunzi hukaa kwenye usukani saa ngapi kabla ya mtihani? Wanafunzi wangapi hutumia gari moja?
3. Kurudi nyuma na trela na kuteremka mlima hufundishwa kwa vitendo au ubaoni tu?
4. Ada inajumuisha nini? Mara nyingi malazi, chakula, leseni ya kujifunzia, jaribio la polisi na leseni yenyewe viko nje ya ada.
5. Mwanafunzi akishindwa jaribio, anarudia kwa gharama ya nani?

Fedha zilipwe kwenye akaunti ya chuo na zisipitie mkononi mwa kijana. Zilipwe kwa awamu: sehemu anapoandikishwa, sehemu kamati inapothibitisha kuwa anashika usukani, na iliyobaki anapomaliza. Chuo kinachokataa awamu kieleze sababu. Mtunza hazina atenge pia fungu la baada ya mafunzo, yaani leseni, pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kijana aliyehitimu bila vitu hivi hawezi kupangiwa safari ya nje ya nchi, na hapo ndipo vijana wengi hukwama.

SEHEMU YA 3: NANI ALIPE?

Tumeona njia tatu.

Familia kulipa yenyewe. Ni njia ya heshima pale familia inapoweza. Lakini shamba la chakula lisiuzwe wala kuwekwa rehani kwa ajili ya ada. Ajira ya lori haina uhakika wa siku ya kuanza, bali tumbo lina uhakika wa kila siku.

Usharika kulipa kwa mfuko unaozunguka. Hii ndiyo tunayoipendekeza. Kijana achangie kidogo kabla ya kuanza, hata kwa kuuza kuku au kufanya vibarua, ili ajue thamani yake. Baada ya kuajiriwa arudishe sehemu waliyokubaliana, ili kijana mwingine asome. Marejesho yaanze mwezi wa nne wa kazi na si wa kwanza, kwa sababu mwezi wa kwanza dereva mpya hana hata godoro. Makubaliano yaandikwe, na mdhamini awe mtu na si ardhi.

Mwajiri kulipa. Wapo waajiri wanaomsomesha dereva kwa masharti kwamba atawatumikia kwa muda fulani. Njia hii si mbaya yenyewe. Swali ni kama kiasi kimeandikwa, na kama kinapungua kila mwezi anaofanya kazi. Tuseme ada ni shilingi 600,000 kwa miezi 12 ya utumishi. Kila mwezi upunguze 50,000, hivyo akiondoka mwezi wa nane akisha, deni limebaki 200,000. Deni lisiloandikwa, au lisilopungua hata akifanya kazi miaka miwili, ni kamba ya shingoni, na kamati imshauri kijana alikatae.

SEHEMU YA 4: KUMPIMA MWAJIRI WA KWANZA

Vijana wengi huuliza swali moja: "Analipa ngapi?" Swali hilo ni halali, lakini liwe la mwisho. Mwajiri wa kwanza ndiye anayemtengeneza dereva. Akianzia mahali ambapo gari halikaguliwi na usingizi ni uvivu, atajifunza hayo. Mshahara mdogo unaweza kuongezeka mwaka unaofuata. Ajali ikishatokea haifutiki.

Kuna aina tatu za kazi zinazompokea dereva mpya. Ipo kampuni yenye malori mengi, yenye karakana na mtu wa kupanga safari. Yupo tajiri mwenye lori moja hadi matano, ambaye mara nyingine ni mwema kuliko kampuni, na mara nyingine ni kama yule tuliyemtaja. Na ipo deiwaka, yaani kushika gari la mwenzako kwa safari moja au mbili. Tunashauri dereva mpya asianze na deiwaka, kwa kuwa likitokea jambo hakuna anayemtambua.

Maswali ya kumwuliza mwajiri, na pia madereva wake wa sasa na walioondoka, ni haya:

1. Mkataba wa maandishi upo? Unatolewa kabla ya safari ya kwanza?
2. Mshahara ni kiasi gani, na posho ya safari ni kiasi gani? Posho inalipia nini? Kama chakula, maegesho, fedha ya utingo na matengenezo madogo yote yanatoka humo, basi kinachobaki si posho tena.
3. Posho hutolewa kwa safari au kwa siku? Inapokuwa ya safari tu, dereva hukimbiza gari asilale ili awahi nyingine, na foleni ya mpakani humla yeye.
4. Faini nani analipa? Ya mwendo kasi ni haki aibebe dereva. Ya tairi kipara au taa mbovu aliyokwisha kuiripoti si yake.
5. Mzigo ukizidi uzito inakuwaje? Chini ya sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu mwaka 2019, gari na mzigo wake havitakiwi kuzidi tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Mizani ya Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba haimsikilizi dereva anayesema "bosi ndiye aliyepakia".
6. Mzigo ukipungua, uchunguzi hufanywaje? Je, dereva huhesabu wakati wa kupakia na kusaini pamoja na mwenye ghala?
7. Dereva mpya hupewa mwenzake mzoefu kwa safari ngapi?
8. Leseni na pasipoti halisi hukaa kwa nani? Jibu sahihi ni moja: kwa dereva mwenyewe.

Kamati isione haya kwenda kumwona mwajiri. Tulipoanza kufanya hivyo tulidhani tutafukuzwa. Waajiri wazuri walifurahi, kwa sababu nao wanatafuta dereva mwenye watu nyuma yake. Mmoja aliyekataa katakata kuzungumza na mzee wa kanisa alitupa jibu kwa kukataa kwake.

SEHEMU YA 5: SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dereva kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kamati iyajue angalau mambo haya:

Maandishi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi. Anayetumwa kufanya kazi nje ya nchi ni lazima awe na mkataba wa maandishi. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake.

Makato ya hasara. Mwajiri hawezi kukata mshahara wote. Ili akate kwa ajili ya hasara, ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, akubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mwenye mshahara wa 400,000 hakatwi zaidi ya 100,000 kwa mwezi. Kama tungalijua hilo, ekari mbili za yule mama zisingaliwekwa rehani.

Saa za kazi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Sheria ya Usalama Barabarani nayo inaweka mwendo wa juu wa lori zito kuwa kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mwajiri anayetaka mzigo ufike usiku uleule, hesabu yake anajua ni nani atakayeilipa.

Kinga. Mwajiri anapaswa kumsajili mfanyakazi NSSF na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaomlipa aliyeumia kazini au wategemezi wake akifariki. Kijana aombe namba zake na kuzihakiki mwenyewe.

Mgogoro. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Aliyeachishwa ana siku 30 tu za kulalamika, na kwa migogoro mingine ni siku 60. Wengi hukaa nyumbani wakisubiri huruma mpaka siku zimepita. Ifahamike pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Ndiyo maana tunasisitiza kumpima mwajiri kabla.

Haya si madai ya wakorofi. Madereva wa mabasi walipogoma nchini mwaka 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyadai.

SEHEMU YA 6: MIEZI SITA YA KWANZA

Baada ya kijana kuajiriwa, kamati imteulie mzee mmoja wa kumfuatilia. Ampigie simu kila baada ya safari, si wakati anaendesha. Amwulize amelala wapi, amelipwa nini, na gari lina hali gani. Kijana awe na daftari la kuandika tarehe, mzigo, idadi, posho, na ubovu aliouripoti na kwa nani. Daftari hilo la mia chache ndilo shahidi wake siku ya mgogoro.

Tuzungumze naye kwa uwazi pia juu ya majaribu ya njiani: pombe, uhusiano wa mipakani, VVU, na kuuza dizeli ya tajiri. Tusimhubirie tu. Tumsaidie apange fedha yake, ikiwa ni pamoja na kiasi kinachokwenda moja kwa moja kwa mkewe au mzazi kila mwezi. Dereva ambaye nyumba yake inakula, ni rahisi kwake kukataa safari ya hatari.

NENO KWA WAFADHILI

Wafadhili wapendwa, tumezoea kuwaletea idadi ya waliohitimu. Kuanzia sasa tunaomba mtuulize swali jingine: baada ya miezi 12, ni wangapi wapo kazini, wana mkataba, wana leseni zao mfukoni, na familia zao hazina deni? Idadi hiyo itakuwa ndogo na picha yake haitapendeza kama ile ya vyeti. Tunaomba pia mruhusu sehemu ya fedha itumike kwa ufuatiliaji, nauli ya mzee wa kanisa na muda wa maongezi wa simu. Ni fedha kidogo, lakini katika bajeti zetu za zamani hazikuwepo kabisa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika usharika wetu, ni vijana wangapi wana leseni ya gari dogo na uzoefu? Ni wangapi wanaanza mwanzo?
2. Nani kati yetu anaweza kwenda kwa trafiki na TRA kabla ya kikao kijacho?
3. Ni madereva gani wazoefu, washiriki wetu, wanaoweza kutuambia ukweli kuhusu waajiri?
4. Tukiombwa leo kumlipia kijana mmoja, tuna jibu la swali la yule mama?

Bwana Yesu alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alimtaka akae kwanza ahesabu gharama. Sisi tulihesabu ada tu. Shamba la yule mama lilikombolewa mwaka 2019 kwa mchango wa washiriki wa usharika wake na marejesho ya wale wawili waliokuwa kazini. Mwanawe aliajiriwa tena, safari hii akiwa na mkataba, ambao kamati iliusoma mstari kwa mstari kabla hajasaini.

Sharika zilizoleta maombi zitumie majibu ya maswali haya pamoja na majina ya vijana. Tutaanza na zile zitakazokuwa zimekwishafika kwa trafiki.